Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu 18,446,744,073,709,551,615

Nafundisha hesabu jioni katika Mji wa Kale, Mombasa, na kila muhula hufika siku ninapoiandika nambari hii ubaoni. Ina tarakimu 20. Wanafunzi huitazama kama mtu anavyotazama meli ikiingia Kilindini: kubwa, ya mbali, ya wenyewe. Nimeandika ukurasa huu kwa sababu naamini ni yao. Inafunguka yote, kipande kwa kipande, kwa kalamu na hesabu ya kidato cha pili. Maswali haya ni yale ninayoulizwa darasani, barazani kwa wachezaji wa bao, na mlangoni na wazazi wanaokuja kuwachukua watoto.

Inasomwaje?

Anza kulia, weka koma kila baada ya tarakimu tatu, kisha soma kutoka kushoto: kwintilioni 18, kwadrilioni 446, trilioni 744, bilioni 73, milioni 709, elfu 551, mia sita na kumi na tano. Wazee waliozoea kuhesabu kwa laki huniuliza ni laki ngapi. Ni laki trilioni 184 na ushei.

Imetoka wapi? Mbona si nambari ya duara kama bilioni?

Imetoka kwenye maradufu. Chukua ubao wa sataranji, wenye vyumba 64. Chumba cha kwanza weka punje moja ya mchele, cha pili punje mbili, cha tatu nne, cha nne nane, na kila chumba kiwe mara mbili ya kilichotangulia. Ukifika chumba cha 64 na kujumlisha punje zote za ubao mzima, jumla ndiyo hii. Kwa maandishi ya hesabu ni 2⁶⁴ − 1, yaani mbili iliyozidishwa kwa mbili hadi mbili ziwe 64, kisha tukatoa moja.

Si ya duara kwa sababu sisi tunahesabu kwa makumi, na nambari hii imezaliwa kwenye mbili. Ukiiandika kwa mfumo unaotumia 0 na 1 peke yake, inakuwa moja 64 zilizopangwa mstari mmoja, bila sufuri hata moja. Huko kwao haina tarakimu ya kukariri.

Bao letu nalo lina kete 64. Je, kuna uhusiano?

Swali hili hulipenda. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji ana 32: mwanzoni 10 ziko ubaoni, sita zikiwa kwenye shimo liitwalo nyumba na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 zimebaki mkononi. Kwa hiyo, ukipenda, acha sataranji kando: kete ya kwanza ya komwe ilipe punje moja, ya pili mbili, ya tatu nne, mpaka kete zote 64 zilipwe. Utafika pale pale.

Siwezi kusema aliyetengeneza bao aliwaza haya. Lakini 64 hupendwa na mikono ya watu kwa sababu inagawika nusu, na nusu yake nusu, mpaka ukafika moja: 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1. Shika jambo hili. Ndilo litakalotufungulia nambari yote huko chini.

Kuna tofauti moja nisingependa mtoto aikose. Katika bao, kete husambazwa, moja moja, shimo kwa shimo, hazizaliani. Zilizoanza 64 zinamaliza 64. Maradufu ni jambo lingine kabisa, na macho yetu yamezoea kusambaza kuliko kuzaliana. Ndiyo maana watu wote, hata wafanyabiashara hodari, hukisia jumla hii kidogo mno.

Hadithi ya mfalme na mtu wa sataranji ni ya kweli?

Ni hadithi. Mwenye hekima anamtengenezea mfalme mchezo, anaambiwa achague zawadi, anaomba nafaka ya maradufu kwa vyumba 64, mfalme anaona ombi dogo, kisha ghala zinaisha. Ibn Khallikan, aliyeandika katika karne ya 13, anamtaja mtu huyo kwa jina la Sissa.

Hesabu yenyewe ni ya kweli na ni ya kale. Al-Biruni, mwanazuoni wa Khwarezm, Asia ya Kati, aliyezaliwa 973, aliitoa kamili, tarakimu zote 20, karibu na mwaka 1000. Hakujumlisha vyumba 64 kimoja kimoja. Alizidisha nambari kwa yenyewe: 16 mara 16 ni 256, 256 mara 256 ni 65,536, 65,536 mara 65,536 ni 4,294,967,296, hiyo nayo mara yenyewe, kisha toa moja. Hatua nne tu. Mwanafunzi wangu mmoja alifanya kuzidisha huko kwa mwisho kwa mkono, akajaza karatasi moja na nusu, na alipopata jibu sahihi hakusema neno, aliipiga meza tu.

Kwa nini tunatoa moja mwishoni?

Kwa sababu punje zote za ubao zimepungukiwa na punje moja tu ili zifike 2⁶⁴. Fanya hivi: azima punje moja kwa jirani, iweke kwenye chumba cha kwanza. Sasa chumba hicho kina mbili, sawa na chumba cha pili. Zijumlishe hizo mbili na mbili, unapata nne, sawa na chumba cha tatu. Nne na nne ni nane, sawa na cha nne. Endelea hivyo hivyo mpaka mwisho: umebaki na 2⁶³ mara mbili, yaani 2⁶⁴. Mrudishie jirani punje yake. Umebaki na 2⁶⁴ − 1.

Hapo hapo utaona jambo lingine. Kila chumba kina punje nyingi kuliko vyumba vyote vilivyotangulia vikijumlishwa, tena kwa punje moja kamili. Chumba cha 64 peke yake kina 9,223,372,036,854,775,808. Vyumba 63 vya kabla yake kwa pamoja vina hiyo toa moja.

Mchele wote huo ungekuwa kiasi gani hasa?

Hapa tukae kidogo, maana ndipo nambari inapoacha kuwa maandishi.

Tuchukue punje 40 kwa gramu moja. Mchele mwembamba wa biriani utakupa zaidi kidogo, lakini 40 inatosha kwa kazi yetu. Basi kilo moja ni punje 40,000, na gunia la kilo 50 ni punje milioni 2.

Vyumba vya mwanzo havitishi mtu. Chumba cha 10 kina punje 512, kiasi cha kushika kwenye kiganja. Cha 17 kina 65,536, kilo moja na nusu na kidogo, kipimo cha mtu aliyetumwa dukani. Unapomaliza chumba cha 21, ubao wote una kilo 52 hivi: gunia moja na ziada. Theluthi ya ubao imekwisha na bado mzigo huo unabebwa na mpagazi mmoja wa Marikiti.

Sasa tuingie bandarini. Kontena la futi 20 tulipakie tani 25. Tani 25 ni gramu milioni 25, mara 40 ni punje bilioni moja kamili. Yaani kontena moja ni bilioni moja, bila baki. Kwa hiyo huna haja ya kugawa chochote: koma zenyewe zimekugawia. Funika kwa kidole makundi matatu ya mwisho, 709,551,615, na yanayobaki kushoto ni idadi ya makontena: 18,446,744,073. Zile ulizofunika ni punje zilizokosa kontena la kujaza.

Nusu ya kwanza ya ubao, vyumba 32, ni punje 4,294,967,295. Soma vivyo hivyo: makontena manne yamejaa, na la tano halijafika theluthi. Lori tano zinamaliza kazi asubuhi moja. Nusu ya pili ndiyo inayoleta makontena bilioni 18.

Tuseme Bandari ya Mombasa ipitishe makontena milioni 2 kwa mwaka, yote ya mchele huu, hakuna gari wala mafuta wala ngano. Ingechukua miaka 9,223. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa mwaka 1593, na muda uliopita tangu siku hiyo haujafika sehemu moja ya ishirini ya kazi hiyo. Ukiyapanga makontena hayo mstari mmoja, kichwa kwa mkia, mstari una kilomita milioni 112, robo tatu ya njia ya kutoka hapa hadi kwenye jua. Na mchele wenyewe, tani bilioni 461, ni zaidi ya mavuno ya dunia nzima ya miaka 800 kwa kiwango cha siku hizi.

Je, naweza kuhesabu punje moja kwa sekunde?

Ungemaliza baada ya miaka bilioni 584. Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8.

Ni witiri au shufwa? Inagawanyika kwa nini?

Witiri, kwa kuwa 2⁶⁴ ni shufwa na tumetoa moja. Inaishia na 5, kwa hiyo inagawanyika kwa 5. Na haikuishia na 5 kwa bahati: maradufu huzunguka 2, 4, 8, 6 kwenye tarakimu ya mwisho, na kila kipeo kinachogawanyika kwa 4 hukuta 6. Toa moja, ni 5.

Jumlisha tarakimu zake zote, utapata 87. Hiyo inagawanyika kwa 3 na haigawanyiki kwa 9, basi nambari yetu nayo ni hivyo hivyo. Kwa 7 inabaki 1. Kwa 11 inabaki 4. Kwa 13 inabaki 2.

Basi si nambari tasa?

Si tasa. Tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, na hii tayari tumeona 3 na 5 ndani yake.

Kuna kanuni ya jumla: 2ⁿ − 1 haiwezi kuwa tasa ikiwa n yenyewe si tasa. Sitini na nne si tasa, hivyo hapakuwa na matumaini tangu mwanzo. Lakini msiigeuze kanuni hiyo. Kipeo kuwa tasa hakutoshi. Majirani wawili wa nambari yetu wanaonyesha: 2⁶¹ − 1 ni tasa, Pervushin wa Urusi alithibitisha mwaka 1883. Ila 2⁶⁷ − 1, ambayo Mersenne wa Ufaransa aliiorodhesha kuwa tasa mwaka 1644, si tasa. Lucas, naye wa Ufaransa, alionyesha kosa hilo mwaka 1876 bila kupata vigawo vyake, na Cole wa Marekani akavipata mwaka 1903: 193,707,721 mara 761,838,257,287. Zaidi ya karne mbili kosa moja dogo limekaa kwenye orodha, na 67 ni tasa safi kabisa.

Vigawo vyake tasa ni vipi, na mtu anavipataje bila kompyuta?

Ni saba: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417. Hakuna kinachojirudia.

Njia ya kuvipata ndiyo sababu hasa ya mimi kuandika ukurasa huu. Kila mwanafunzi wa kidato cha pili anaijua tofauti ya vipeo viwili vya pili: a² − b² ni (a − b) mara (a + b). Ameifanyia mazoezi ishirini ya kitabu, akapata alama, akaisahau. Sasa atazame: 2⁶⁴ ni 2³² mara yenyewe, na 1 ni 1 mara yenyewe. Kwa hiyo

2⁶⁴ − 1 = (2³² − 1) × (2³² + 1)

Mabano ya kushoto nayo yana sura ile ile. Yavunje tena: (2¹⁶ − 1) × (2¹⁶ + 1). Ya kushoto tena: (2⁸ − 1) × (2⁸ + 1). Tena, na tena, mpaka kushoto ibaki 1. Hapa ndipo 64 inapogawika nusu kwa nusu kama nilivyosema kwenye kete za bao: 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1. Unachobaki nacho ni mabano yote ya kulia:

(2 + 1) × (2² + 1) × (2⁴ + 1) × (2⁸ + 1) × (2¹⁶ + 1) × (2³² + 1)

Yaani 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 × 4,294,967,297.

Mistari sita. Nambari ya tarakimu 20 imekaa wazi mezani, na hakuna mtu aliyegawa chochote. Wapo watoto waliokuwa wakiogopa sehemu za nambari ndogo ambao nimewaona wakisogeza kiti mbele kwenye mstari wa tatu, kwa sababu tayari wameshajua wa nne utakuwaje.

Ukitaka kuhakikisha, panda kwa kurudi: 3 × 5 ni 15. 15 × 17 ni 255. 255 × 257 ni 65,535. Kila hatua unapata nambari iliyo pungufu kwa 2 kuliko kigawo kinachofuata: baada ya 15 inakuja 17, baada ya 255 inakuja 257. Hiyo si bahati. Ni a − 1 na a + 1 zinazofuatana.

Lakini hapo kuna sita, na wewe umesema saba.

Sahihi. Watano wa kwanza ni tasa. Wa sita, 4,294,967,297, ndiye aliyemdanganya mtu mkubwa.

Fermat, mwanasheria wa Toulouse nchini Ufaransa na mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 17, aliziona nambari hizi 3, 5, 17, 257, 65,537, akaamini, na mwaka 1640 akawaandikia wenzake, kwamba zote za namna hii ni tasa bila mwisho. Hakuwa na uthibitisho na alikiri hivyo. Mwaka 1732 Euler, mwanahisabati wa Uswisi, alionyesha kwamba ile inayofuata tu, 4,294,967,297, inagawanyika kwa 641:

641 × 6,700,417 = 4,294,967,297

Kwa hiyo mstari wa sita unavunjika vipande viwili, na jumla inakuwa saba.

Euler aliijuaje 641? Alijaribu zote?

Hapana, na hili ni zuri kuliko jibu lenyewe. Euler baadaye alieleza kwamba kigawo chochote tasa cha 2³² + 1 lazima kiwe na sura moja: kizidisho cha 64 ongeza moja. Tazama 64 imerudi tena. Basi andika 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Futa zisizo tasa. Zinabaki 193, 257, 449, 577, 641. Jaribio la tano ndilo linaloshinda. Fermat angeweza kulifanya kwa mchana mmoja kama angeijua njia hiyo.

Naweza kuhakikisha 641 bila kugawa?

Unaweza, kwa akili tu, na mwanafunzi akiipata hii mara moja haisahau. Inatosha kujua mambo mawili kuhusu 641:

641 = 640 + 1, na 640 ni 5 × 2⁷.
641 = 625 + 16, na 625 ni 5⁴, na 16 ni 2⁴.

Sasa tuongee kwa baki za 641 peke yake. Kutokana na jambo la kwanza, 5 × 2⁷ ni sawa na −1, yaani imepungua moja ili igawanyike. Ipandishe kipeo cha nne: −1 mara nne kwa yenyewe inakuwa 1, basi 5⁴ × 2²⁸ inabaki 1. Kutokana na jambo la pili, 5⁴ ni sawa na −2⁴. Badilisha: −2⁴ × 2²⁸, yaani −2³², inabaki 1. Kama −2³² ni sawa na 1, basi 2³² + 1 ni sawa na sufuri. Haibaki kitu. Imegawanyika.

Soma polepole mara mbili. Hakuna nambari kubwa iliyoandikwa popote, na kitu cha tarakimu kumi kimethibitishwa.

Na 6,700,417, una uhakika ni tasa?

Ndiyo. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, kwa hiyo kama ingekuwa na kigawo, kimoja kingekuwa chini ya hapo, tena chenye sura ile ile ya 64 na moja juu. Baada ya kuondoa tulizojaribu, zinabaki 641 yenyewe, 769, 1,153, 1,217, 1,409, 1,601 na 2,113. Gawa kwa kila moja. Zote zinaacha baki. Ni kazi ya nusu saa, na huwa naigawa darasani, mwanafunzi mmoja nambari moja.

Ina vigawo vingapi kwa jumla, tukihesabu visivyo tasa pia?

128. Kila kigawo hutengenezwa kwa kuchagua, kwa kila mmoja wa wale saba, aingie au abaki nje. Chaguo mbili mara saba: 2⁷. Ukijumlisha vigawo hivyo vyote bila nambari yenyewe, unapata kama asilimia 70 yake, kwa hiyo ni nambari pungufu, si kamilifu kama 6 au 28, ambazo vigawo vyake hujumlika kuwa zenyewe.

Wale watano, 3, 5, 17, 257 na 65,537, wana kazi nyingine?

Wana kazi ya mafundi. Ukiwa na bikari na rula isiyo na alama, ni maumbo gani ya pande sawa unaweza kuyachora kwa usahihi kamili? Pembetatu, ndiyo. Pembe tano, ndiyo. Pembe saba, haiwezekani. Gauss wa Ujerumani, akiwa kijana wa miaka 18 mwaka 1796, alionyesha kwamba pembe 17 inawezekana. Kwa idadi witiri ya pembe, siri ni hawa watano: ni lazima idadi hiyo iundwe kwa nambari tasa za Fermat zisizojirudia, na mpaka leo zinazojulikana ni hizi tano tu. Zizidishe zote, unapata 4,294,967,295. Hilo ndilo umbo la pembe witiri nyingi kuliko yote tunayojua kwamba bikari na rula vinaliweza, na idadi hiyo ni ile ile ya punje za nusu ya kwanza ya ubao wetu.

Mafundi wetu waliochonga milango ya Mji wa Kale walizijua nyota za pembe nane na sita kwa bikari. Huwa namwambia mwanafunzi atoke nje atazame mlango kabla ya kurudi kwenye swali hili.

Kalkuleta ya simu yangu inaandika 1.844674407 kisha E19. Imekosea?

Haikukosea, imekata. E19 ina maana sogeza nukta nafasi 19 kulia. Kioo hakikuwa na nafasi ya tarakimu zote, ikakupa za mwanzo.

Hatari iko kwenye Excel. Iandike nambari yetu humo, nayo itakuandikia 18446744073709500000, kwa sababu hushika tarakimu 15 tu na zinazozidi inazifanya sufuri. Haikuonyi. Mfanyabiashara anayeweka nambari ndefu za risiti au za akaunti kwenye jedwali kama tarakimu za kawaida hupoteza mwisho wake vivyo hivyo. Ziweke kama maandishi, si kama nambari.

Kwa nini watu wa kompyuta wanaijua?

Kompyuta nyingi za leo hufanya kazi kwa biti 64 kwa pamoja, na kila biti ni 0 au 1. Zikiwa zote 1, hiyo ndiyo nambari kubwa kuliko zote inayoingia kwenye nafasi hiyo, na ndiyo hii yetu. Ongeza moja, zote zinarudi sufuri, kama mita ya gari la zamani iliyofika 99999. Programu ikitaka na nambari hasi, hutoa biti moja kwa ajili ya alama, na kikomo kinashuka hadi 9,223,372,036,854,775,807.

Ule mchezo wa diski na nguzo tatu nao unahusika?

Unahusika kabisa. Lucas yule yule aliyemsahihisha Mersenne aliutoa mwaka 1883. Unahamisha diski kutoka nguzo moja hadi nyingine, moja moja, na kubwa haikai juu ya ndogo. Diski tatu zinahitaji hatua 7, nne 15, tano 31. Diski 64, kama katika hadithi aliyoiambatanisha na mchezo huo, zinahitaji 18,446,744,073,709,551,615.

Mwanangu bado mdogo, yuko shule ya msingi. Aanze wapi?

Mama, aanze na kikombe cha mchele na karatasi yenye vyumba 16 ulivyochora wewe. Apange punje mwenyewe: 1, 2, 4, 8. Kwenye chumba cha tisa atachoka na atataka kipimo cha kijiko. Mwache agundue mwenyewe ni punje ngapi kwa kijiko. Usimwambie jumla. Muulize tu, kila akimaliza chumba, kama kilichopo mbele yake kinazidi vyote vya nyuma. Mchele osha baadaye, upike.

Na 2⁶⁴ + 1, ile iliyo juu kwa mbili, ina nini?

Ni nambari ya Fermat inayofuata, 18,446,744,073,709,551,617. Fermat aliamini hiyo nayo ni tasa. Mwaka 1880 Landry wa Ufaransa aliivunja:

274,177 × 67,280,421,310,721

Hapa ile njia ya tofauti ya vipeo haisaidii, maana katikati ya 2⁶⁴ na 1 pana kujumlisha, si kutoa. Inagawanyika kwa nguvu tu, na nambari yetu, iliyo chini yake kwa mbili, inafunguka kwa mistari sita. Anayetaka kulihakikisha jibu la Landry kwa mkono aandike nambari ndefu juu na 274,177 chini, aache nafasi ya mistari sita, na aanze kulia: 7 mara 1 ni 7, na 7 ndiyo tarakimu ya mwisho tunayoitafuta.